Kuku wa milimani: Chura aliyebaki kwenye nembo ya taifa huku akitoweka msituni

Na MWANDISHI WETU

KATIKA nembo rasmi ya taifa la Dominica, kisiwa kidogo kilicho katika Bahari ya Karibea, amechorwa chura. Yumo katika robo moja ya ngao, akipakana na mnazi, mtumbwi na mgomba, ilhali kasuku wawili wameishikilia ngao hiyo kutoka pande zote mbili.

Nembo hiyo ilianza kutumika mwaka 1961, miaka 17 kabla ya kisiwa hicho kujinyakulia uhuru kutoka kwa Uingereza. Enzi hizo chura huyo alikuwa tele. Sauti yake ilisikika usiku mabondeni na milimani, na nyama yake ilipikwa nyumbani na mikahawani.

Leo hii, mgeni anayezuru Dominica ana nafasi kubwa zaidi ya kumwona chura huyo kwenye stakabadhi za serikali kuliko msituni. Katika uchunguzi uliofanywa mwaka 2023, wataalamu waliopekua makazi yake kisiwani humo walihesabu vyura 21 pekee.

Idadi hiyo ni ya walioonekana, na huenda wako wengine waliojificha. Hata hivyo, inatosha kuonyesha ukubwa wa msiba, kwa kuwa miaka michache tu kabla ya ugonjwa kuingia, wawindaji walikuwa wakiwanasa kwa maelfu kila mwaka.

Je, kiumbe aliyehimili chungu cha mwanadamu kwa karne nyingi, na ambaye hata volkano haikummaliza, aliangamizwa na nini katika muda wa miezi isiyozidi 18? Jibu la swali hili lina funzo kwa kila nchi iliyo na viumbe wasiopatikana kwingineko, ikiwemo Kenya.

CHURA MWENYE JINA LA KUKU

Wanasayansi humwita Leptodactylus fallax. Wenyeji wa Dominica humwita ‘crapaud’, neno la Kifaransa ambalo maana yake ni chura tu. Lakini jina lililoenea duniani ni ‘kuku wa milimani’, alilopewa kwa sababu nyama yake inasemekana kuwa na ladha kama ya kuku.

Ni miongoni mwa vyura wakubwa zaidi ulimwenguni. Mwili wake hufikia urefu wa sentimita 20 na zaidi, bila kuhesabu miguu, na aliyekomaa anaweza kuwa na uzani wa karibu kilo moja. Jike ndiye mkubwa kuliko dume.

Tofauti na vyura wengi tuwajuao, huyu si wa majini wala mitini. Maisha yake yote ni ya ardhini. Vidole vyake havikuunganishwa kwa ngozi kama vya vyura waogeleao. Mchana hujificha chini ya magogo, mawe au ndani ya mashimo, na giza linapoingia hutoka kuwinda.

Anapowinda, yeye huketi kimya akisubiri windo lipite. Hula nyenje, jongoo, konokono na wadudu wa kila namna, na wakati mwingine hata vyura wadogo. Kwa kuwa ni mkubwa na mlafi, yeye ni mmoja wa wanyama wakuu wanaodhibiti idadi ya wadudu katika misitu ya visiwa hivyo ambavyo kiasili vina wanyama wachache wawindao.

Zamani alipatikana katika visiwa kadhaa vya eneo hilo, vikiwemo Martinique na St Kitts. Huko kote aliangamia kitambo kutokana na kuwindwa, kukatwa kwa misitu na wanyama walioletwa na binadamu. Akabaki katika visiwa viwili tu: Dominica na Montserrat.

Visiwa hivi ni vidogo mno. Dominica ina ukubwa wa takriban kilomita 750 mraba, hivyo ni ndogo hata kwa kisiwa cha Pemba. Montserrat, ambayo ingali chini ya himaya ya Uingereza, ina takriban kilomita 102 mraba pekee.

MAMA ANAYENYONYESHA KWA MAYAI

Ili kuelewa ni kwa nini pigo moja lilitosha kumlaza chini chura huyu, yafaa kwanza kutazama namna anavyozaa.

Vyura wengi hutaga maelfu ya mayai majini kisha wakaenda zao. Viluwiluwi wengi huliwa na samaki, ndege na wadudu, lakini kwa kuwa idadi yao ni kubwa, wachache hunusurika na kizazi kikaendelea.

Kuku wa milimani hakuchagua njia hiyo. Msimu wa kiangazi unapokaribia kuisha, madume huanza kulia na kupigana mieleka wakigombania mashimo ya chini ya ardhi. Mshindi humwita jike shimoni, na humo wawili hao hutengeneza kiota cha povu kwa kuvuruga majimaji yanayotoka mwilini mwa jike.

Jike hutaga mayai yake ndani ya povu hilo. Viluwiluwi wanapoanguliwa hujikuta katika shimo lenye giza, pasipo dimbwi la maji, pasipo majani wala chakula cha aina yoyote.

Ni hapa ambapo maumbile yanastaajabisha. Kila baada ya siku chache, mama hurudi kiotani na kutaga mayai mengine yasiyorutubishwa, ambayo kazi yake ni moja tu: kuwalisha wanawe. Viluwiluwi humzunguka na kuyala mayai hayo moja kwa moja yanapotoka.

Wataalamu waliomchunguza chura huyu katika bustani ya wanyama ya kisiwa cha Jersey, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004, walikadiria kuwa mama mmoja hutaga mayai ya chakula kati ya 10,000 na 25,000 kwa ajili ya kiota kimoja. Malezi hayo huchukua takriban mwezi mmoja na nusu, na muda wote huo mama hulinda shimo huku dume akiwa karibu.

Matokeo yake ni watoto wachache lakini wenye afya. Kiota kimoja hutoa vyura wadogo wapatao 26 hadi 43. Jike huzaa mara moja tu kwa mwaka.

Katika ulimwengu uliotulia, huo ni mpango mzuri. Kisiwa hakina maadui wengi, na mtoto aliyelelewa vyema huishi miaka mingi. Lakini kwa mnyama wa namna hii, akifa mmoja aliyekomaa, pengo huchukua muda mrefu kuzibwa. Wakifa elfu, pengo huenda lisizibike kamwe.

CHUNGUNI NA KARIBU NA MOTO

Kwa muda mrefu tishio kuu lilikuwa mwindaji. Nchini Dominica, mapaja ya chura huyu yalikuwa chakula cha fahari, kitoweo cha sikukuu na cha kumkaribisha mgeni wa heshima. Kilihesabiwa kuwa ndicho chakula cha taifa.

Kabla ya ugonjwa kuingia, ilikadiriwa kuwa kati ya vyura 8,000 na 36,000 walikuwa wakiwindwa kisiwani humo kila mwaka. Sheria iliweka msimu wa kuwinda na msimu wa kuwapumzisha, lakini kwa mnyama anayezaa watoto wachache kiasi hicho, mavuno hayo yalikuwa makubwa.

Kisiwani Montserrat, tishio lilitoka ardhini. Mnamo Julai 18, 1995, mlima wa volkano wa Soufrière Hills ulianza kulipuka baada ya kulala kwa karne nyingi. Jivu na mawe ya moto yaliufunika mji mkuu, Plymouth, ambao hadi leo ni mahame. Juni 25, 1997, mlipuko mmoja uliwaua watu 19.

Zaidi ya nusu ya wakazi walikihama kisiwa. Eneo lote la kusini lilitangazwa kuwa la hatari na kufungwa. Misitu iliyokuwa makao ya chura huyu katika upande huo iliungua au kufukiwa, naye akabaki katika vilima vya kati pekee.

Kwa kuhofia kuwa mlipuko mwingine ungemaliza hata hao waliosalia, wataalamu wa shirika la Durrell walichukua vyura kadhaa kutoka Montserrat mwaka 1999 na kuwapeleka Jersey, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa, ambako Gerald Durrell alianzisha bustani ya wanyama mwaka 1959.

Wakati huo, wengi waliihesabu Dominica kuwa ngome salama. Haikuwa na volkano inayolipuka, misitu yake ilikuwa mizito, na vyura walikuwa wengi. Ikiwa Montserrat ingepoteza wake, basi Dominica ingekuwa ghala la akiba.

Ngome hiyo ndiyo iliyoanguka kwanza.

MIEZI 18 YA MAANGAMIZI

Mwezi Desemba mwaka 2002, wakazi wa Dominica walianza kuwaona vyura waliokufa au waliodhoofika. Wengine walikutwa mchana kweupe wakiwa wameketi mahali pa wazi, bila nguvu za kuruka hata wanapoguswa. Kwa mnyama wa usiku, hiyo ilikuwa dalili ya maradhi mazito.

Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa kuvu aina ya kitridi, ambayo jina lake la kisayansi ni Batrachochytrium dendrobatidis. Katika muda usiozidi miezi 18, zaidi ya asilimia 85 ya kuku wa milimani wa Dominica walikuwa wameangamia. Wachache wamewahi kushuhudia mnyama mwenye uti wa mgongo akipukutika kwa kasi kama hiyo.

Serikali ilipiga marufuku uwindaji. Lakini marufuku hiyo, japo ilihitajika, ilikuwa sawa na kumfungia mlango mwizi aliyekwisha kuingia nyumbani. Kuvu haisomi sheria, wala haihitaji kibali.

Mwaka 2004 chura huyu aliorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Mwaka 2013 Dominica ilichagua chakula kingine cha taifa, yaani kalalu, mchuzi wa mboga za majani. Chura akaondoka mezani. Kwenye nembo akabaki.

JINSI KUVU INAVYOUA

Huenda msomaji akajiuliza: kuvu ya ngozi yawezaje kumuua mnyama mzima? Binadamu hupatwa na mba au choa na maisha yakaendelea.

Jibu liko katika ngozi yenyewe. Kwa chura, ngozi si vazi tu. Ni kiungo hai kinachofanya kazi kama ya mapafu na figo kwa pamoja. Kupitia ngozi, chura huvuta sehemu ya hewa anayoihitaji, hunywa maji na hudhibiti kiasi cha chumvi kilichomo mwilini.

Kuvu hii huivamia tabaka ya juu ya ngozi, ikaifanya iwe nene na isiyoweza kupitisha chochote. Chumvi muhimu za sodiamu na potasiamu hupungua katika damu. Zinaposhuka kupita kiasi, moyo husimama. Chura hufa kwa mshtuko wa moyo, ilhali kwa macho ya kawaida huenda asionekane na kidonda chochote.

Mbegu za kuvu hii ni ndogo mno na zina mkia wa kuogelea. Husafiri katika maji, katika udongo wenye unyevu, na kwenye miili ya vyura wanaobeba vimelea bila wao wenyewe kuugua. Hapa pana hatari kubwa: ugonjwa haufi pamoja na wagonjwa. Hata baada ya kuku wa milimani wengi kufa, vyura wadogo wa mitini waliendelea kuuhifadhi msituni.

Kuvu hii ilitambuliwa na wanasayansi mwaka 1998. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa imechangia kupungua kwa angalau aina 501 za vyura na jamii zao duniani, na kwamba aina 90 kati ya hizo zinadhaniwa kuwa zimetoweka kabisa. Hakuna ugonjwa mwingine unaojulikana uliowahi kuwapunguza viumbe wa aina nyingi kiasi hicho.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa chimbuko lake ni Afrika, kwa kuwa vyura kutoka Afrika Kusini walisafirishwa kote duniani tangu miaka ya 1930 ili kutumika hospitalini katika kupima ujauzito. Hata hivyo, utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2018 ulielekeza kidole Asia Mashariki, hususan Rasi ya Korea, na kuonyesha kuwa kuvu hiyo ilisambaa katika karne ya 20 kupitia biashara ya binadamu ya wanyama hai.

MONTSERRAT ILIONYWA

Kuanzia mwaka 2002, kila mtu aliyehusika na uhifadhi alijua kuwa Montserrat ndiyo iliyobaki. Safari ya maji kati ya visiwa hivi viwili si ndefu, na Dominica, iliyo na rutuba, huwauzia majirani zake ndizi, matunda na mboga.

Ndani ya makasha ya mazao hayo, vyura wadogo wa mitini hujificha. Inashukiwa kuwa ndio waliovusha ugonjwa. Mwezi Februari mwaka 2009, kuvu ilithibitishwa kuwepo Montserrat.

Hatua zilichukuliwa kwa haraka. Vyura 50 ambao hawakuwa wameambukizwa walisafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, wakagawanywa kati ya bustani za wanyama za Jersey, London na Parken huko Uswidi. Waliobaki msituni walijaribiwa tiba: baadhi yao walikamatwa mara kwa mara na kuogeshwa dawa ya kuua kuvu, kisha wakaachiliwa.

Waliopata dawa waliishi muda mrefu kuliko wasioipata. Lakini dawa ilipokoma, kinga nayo ilikoma, kwani kuvu ilikuwa ingali majini na udongoni. Huwezi kuuogesha msitu mzima.

Kufikia katikati ya miaka ya 2010, vyura wa mwituni waliojulikana Montserrat walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Vyura waliozaliwa Ulaya na kurejeshwa kati ya mwaka 2011 na 2013 nao hawakufaulu kustawi. Msimu wa baridi ulipofika, waliambukizwa na kufa au kutoonekana tena.

MADIMBWI YENYE JOTO

Katika kushindwa huko, watafiti waliona jambo moja. Vyura waliugua zaidi miezi ya baridi kuliko miezi ya joto.

Sababu yake inaeleweka. Kuvu hii hustawi katika joto la kadiri, kati ya nyuzi 17 na 25 hivi. Joto linapozidi nyuzi 28, hudhoofika. Chura mwenyewe ni wa nchi za joto, naye huvumilia hali ambayo adui yake hawezi kuivumilia.

Kwa hivyo, mwaka 2019, mbinu mpya ilianza kujaribiwa. Vyura 27 walirudishwa Montserrat kutoka Ulaya na kuwekwa katika boma kubwa lililozungushiwa ua ndani ya mazingira yao ya asili. Baadhi ya matawi ya miti yalipunguzwa ili jua lipenye, na madimbwi yanayopashwa moto kwa nishati ya jua yakatengenezwa. Chura anayehisi maradhi anaweza kujitumbukiza katika maji ya moto kiasi na kupunguza kuvu mwilini mwake, pasipo kuguswa na daktari.

Mpango huu haulengi kuiondoa kuvu kisiwani, kwa kuwa hilo halijawezekana mahali penye misitu kama hiyo. Unalenga kumpa chura nafasi ya kuishi nayo.

Dominica nayo ina tegemeo la namna yake. Vyura wachache waliopo leo ni uzao wa wale walionusurika mwaka 2003. Wamekuwa wakiishi pamoja na kuvu kwa zaidi ya miaka 20. Wanasayansi wanachunguza vinasaba vyao ili kubaini iwapo wamejaliwa kinga ambayo wengine hawakuwa nayo. Ikiwa ndivyo, kila mmoja wa wale 21 ni hazina isiyoweza kununuliwa.

Tatizo ni kuwa wachache hivyo hawana budi kukabiliana na mengine pia. Kimbunga Maria kilipoikumba Dominica mnamo Septemba 18, 2017, kiliangusha misitu na kusababisha maporomoko ya ardhi. Magari huwakanyaga barabarani usiku. Paka na panya huwashambulia. Idadi ikishuka hivyo, ajali moja ya barabarani ni hasara ya karibu asilimia tano ya wote wanaojulikana.

Ndiyo maana mashirika ya nyumbani, kama vile WildDominique, yameshika usukani pamoja na serikali ya kisiwa na wataalamu kutoka Uingereza. Wenyeji huzunguka usiku wakisikiliza milio, hupima waliopatikana, na kuwaelimisha madereva na wanafunzi. Kizazi kilichokuwa kikimla chura huyu ndicho sasa kinachomlinda.

HATA KWETU YAMETUKIA

Haya si mambo ya ng'ambo pekee. Afrika Mashariki inakumbuka kisa cha vyura wa Kihansi.

Vyura hao wadogo, wasiozidi sentimita tatu, waliishi mahali pamoja tu duniani: katika manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania. Bwawa la kuzalisha umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, maji ya maporomoko yalipungua kwa takriban asilimia 90, na manyunyu yakakauka.

Mitambo ya kunyunyizia maji iliwekwa, na kwa muda vyura waliongezeka. Kisha mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla. Kuvu ileile ya kitridi ilipatikana miongoni mwa waliokufa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka mwituni.

Kilichowaokoa ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani na kuzalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirejeshwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Inakumbukwa kuwa chura wa kwanza aliokolewa kabla ya ugonjwa kuingia, si baada yake.

Kenya nayo ina viumbe wa aina hiyo. Katika mabaki ya misitu ya milima ya Taita anaishi Callulina dawida, chura wa ardhini aliyetambuliwa rasmi na sayansi mwaka 2009 na asiyepatikana kwingineko duniani. Milima hiyo haikuzungukwa na bahari, lakini kwa chura anayehitaji msitu wenye unyevu, nyika kavu iliyo chini yake ni bahari tosha. Naye amo katika orodha ya walio hatarini zaidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kuvu ya kitridi tayari imeenea sehemu nyingi za Kenya, ingawa vifo vya halaiki kama vya Dominica havikuwa vimeripotiwa. Hiyo ni habari njema, lakini si sababu ya kulala. Aina za kuvu hiyo hutofautiana kwa makali, na aina mpya inaweza kuingia na kiatu cha mtalii, shehena ya samaki wa mapambo au kasha la mboga.

NANI ATAMLILIA CHURA?

Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo humfanya chura kuwa mfano wa asiyefaa kusikilizwa. Lakini katika misitu ya Karibea, ilikuwa kunyamaza kwa chura kulikopaswa kumshtua kila mtu.

Kisa cha kuku wa milimani hakitufunzi kuwa uwindaji hauna madhara, wala kuwa volkano haiogopwi. Kinatufunza kuwa wingi si kinga. Mnyama aliyevunwa kwa maelfu mwaka 2001 alikuwa ukingoni mwa kutoweka kufikia mwaka 2004. Waliodhani wana muda wa kutosha walijikuta wana miezi tu.

Aidha, kinatufunza kuwa hatua zilizozaa matunda ni zile zilizotangulia maafa. Vyura waliopelekwa Jersey mwaka 1999 kwa kuhofia volkano, na wale 50 waliotolewa Montserrat mapema mwaka 2009, ndio wazazi wa wanaorudishwa leo. Waliosubiriwa wapungue kwanza ndipo waokolewe, wengi wao hawapo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Dominica na Montserrat, ukuta ndio unaojengwa sasa, kwa gharama kubwa, dimbwi moja la maji ya moto baada ya jingine, na mawe ya kuujengea ni machache.

Kila jua linapotua, wapo watu wanaoshika tochi na kuingia katika mabonde ya Dominica kusikiliza. Usiku mwingine hawasikii lolote ila mvua na vyura wadogo wa mitini. Usiku mwingine, kwa mbali, hulia mmoja. Huyo huandikwa daftarini.